Swali la Thelathini na Moja

Saliha binti Yahaya alikuwa akianza na jibu. Kabla hajaandika swali lolote la hesabu, aliandika pembeni mwa daftari namba mbili ndogo, tuseme tisa na nne, akazizungushia duara, kisha akarudi nyuma hatua kwa hatua, kama mtu anayefuata nyayo zake mwenyewe kwenye tope, mpaka afike mahali ambapo mwanafunzi angeanzia. Swali lisilojua linakokwenda, alisema, ni sawa na kumtuma mtoto dukani bila kumwambia anunue nini.

Alijifunza hayo kwa baba yake, ambaye hakujua aljebra hata kidogo. Mzee Yahaya alikuwa fundi cherehani wa Buyenzi, barabara ya kumi na nne, na ukutani nyuma ya cherehani yake zilining'inia karatasi zilizokatwa kutoka magazeti ya zamani na mifuko ya saruji: mgongo wa gauni, mkono wa shati, kola. Karatasi hizo mafundi wa Bujumbura huziita patroni. Na kwa kuwa neno hilo hilo ndilo watu wanalomwitia bosi wao, mzee alipenda kusema kwamba patroni wake yeye ni wa karatasi, hagombi wala hafukuzi mtu kazi. Kutoka patroni moja Saliha aliona zikitoka nguo thelathini kabla ya Idi, na hapakuwa na mbili zilizofanana. Kitambaa kilibadilika, urefu ukabadilika, kola ikawa ya duara au ya pembe. Lakini mfupa wa nguo ulikuwa ule ule, na aliyejua kushona moja alijua kushona zote.

Aliposoma hesabu chuo kikuu, na baadaye alipoanza kufundisha, aligundua kwamba swali nalo lina patroni. Unaandika mlinganyo wenye matundu, kisha unayajaza matundu: namba hapa, herufi pale. Shida ilikuwa mkono. Mkono una mazoea yake, kama mguu ulivyo na njia yake ya kwenda sokoni. Mkono wa Saliha ulipenda tatu na tano, na ukiachiwa ulirudi kwenye x kila mara. Kwa hiyo baba yake alipofariki, alilichukua kopo lake la vifungo, akaandika juu ya kila kifungo herufi au namba kwa rangi ya kucha, na tangu siku hiyo akawa hachagui. Alitia mkono ndani ya kopo, akatoa, akajaza tundu.

Walimu wenzake walimcheka. "Mwalimu anapiga ramli," walisema. Yeye alikuwa na sababu. Mwaka 1995, mitaa ilipokuwa ikihamwa mmoja baada ya mwingine, aliletewa msichana aliyetoka shule ya kaskazini mwa mji. Alitoa vifungo, akamwandikia ubaoni k + 5 = 12. Msichana akaukazia macho ubao kwa muda mrefu.

"Madamu, k hatujaisoma," alisema mwishowe. "Sisi tulisoma x."

Darasa lilicheka. Saliha hakucheka. Alirudi nyumbani akiwaza ni watoto wangapi wamehesabiwa kuwa wajinga kwa sababu mwalimu wao alikuwa na herufi moja tu, na wangapi wamehesabiwa kuwa na akili kwa sababu hiyo hiyo.

Mwezi wa tisa wa mwaka 1997 wazo lake hilo lilitafutiwa kazi. Vita vilikuwa na miaka minne. Watoto walikuwa wamepoteza mwaka, wengine miwili, na karatasi zao za shule zilikuwa zimeungua pamoja na shule zenyewe. Wakuu wa lise tatu, yaani shule za sekondari, waliandika barua ya makubaliano: wangewapokea watoto hao darasa la kumi bila kuwauliza cheti wala mtaa walikotoka, kwa sharti kwamba wote wapimwe kwa kipimo kimoja, siku moja, na kipimo hicho kikubaliwe na pande zote. Maswali arobaini ya aljebra. Atakayepata ishirini na manne anaingia. Atakayepungukiwa anasubiri mwaka mwingine, na mwaka mwingine, kwa hesabu ya mji ule, ulikuwa mbali sana.

Pande zote. Maneno hayo yalikuwa laini, lakini kila mtu alijua yamefunika nini. Wahutu na Watutsi waliokuwa wakisahihisha mitihani meza moja sasa hawakuaminiana hata kwa chaki. Walimu wawili waliwekwa kuiangalia kazi. Gélase, Mtutsi, mwalimu wa fizikia wa Ngagara, alikuwa amemzika mdogo wake mwaka 1993. Rénovat, Mhutu, mwalimu wa kemia, alikuwa amepoteza nyumba na mama siku moja, na sasa alilala kwa shemeji zake. Kila mmoja alikataa maswali yatungwe na mwenzake. Jina walilolikubali wote lilikuwa la Saliha, Mwislamu wa Buyenzi, Mswahili kama walivyosema, mtu asiye na upande. Alipoambiwa hivyo aliitikia kwa kichwa, ingawa alijua kwamba katika mji ule kutokuwa na upande si mahali pa kukaa. Ni ukuta mwembamba ambao mtu anatembea juu yake.

Watahiniwa walikuwa mia mbili na kumi na mmoja. Ili jirani asinakili kwa jirani, alitengeneza karatasi nne, A, B, C na D, kwa patroni zile zile. A na B alizijaza kwa vifungo. C ilikuwa A iliyopinduliwa, kama fundi anavyopindua kitambaa kuangalia upande wa ndani: kilichokuwa cha kwanza kikawa cha pili, kilichotafutwa kikawa kinachoondolewa. D ikawa B iliyopinduliwa vivyo hivyo. Alifanya kazi wiki tatu, mezani kwa baba yake, na alipoimaliza alijisikia kama mtu aliyepiga deki nyumba nzima.

Siku ya Alhamisi, siku mbili kabla ya mtihani, alikwenda Zone Industrielle, eneo la viwanda, ambako ghala moja la mifuko lilikuwa na mashine ya roneo na jenereta. Mwendeshaji wa roneo hiyo alikuwa Salvator, mtu wa miaka hamsini hivi, mwenye vidole vyeusi vya wino visivyotakata hata kwa mafuta ya taa. Alikuwa ameshachapa zote tangu asubuhi, na marundo manne yalikuwa yamepangwa juu ya sanduku. Karatasi ilikuwa adimu. Vikwazo vya nchi jirani vilikuwa vimefunga mipaka mwaka wa pili sasa, na rimu zile za mwisho Saliha alizipata kwa kuomba milango saba.

Salvator alimpa kiti. Yeye mwenyewe hakukaa.

"Mwalimu, mi hesabu sijui," alisema. "Niliachia mwaka wa tatu. Lakini kusoma nasomaka kidogo."

"Umeona kosa?"

"Sijui kama ni kosa. Mi nasoma tu vile iko." Alichukua karatasi ya A, akaweka kidole cheusi hewani juu ya swali la thelathini na moja, bila kuigusa. Maswali yalikuwa ya Kifaransa, kama shule zote. "Hapa munaandika: éliminez t, trouvez h."

"Ndiyo. Ondoa t, tafuta h: ni njia ya hesabu hiyo. Kuna milinganyo miwili na herufi mbili. Unaiondoa moja ili ile ingine..."

Saliha alikisikia kinywa chake mwenyewe, akanyamaza.

2h + 3t = 30. 5h − 3t = 33. Alikuwa amelitazama swali lile mara ishirini. Aliona tisa na nne, jibu safi. Ukijumlisha milinganyo hiyo, t inakufa, h inabaki. Ndivyo walimu wa hesabu wanavyosema darasani: inakufa. Mwaka ule h na t hazikuwa herufi tena. Vijana waliwekwa kando barabarani kwa herufi hizo. Na lile neno, ondoa, lilikuwa kwenye vikaratasi vilivyosukumwa usiku chini ya milango, pamoja na majina ya wenye milango.

"Na rundo hii ya C," Salvator aliendelea kwa upole, "mumeandika: éliminez h. Kila mutu na ya kwake."

"Ni vifungo," alisema Saliha. "Mimi sikuchagua, Salvator. Nilitoa kwenye kopo."

"Mi nakuamini, mwalimu. Lakini kopo haitakuja pale kusema."

Saliha alikaa. Alifikiria wakuu watatu na barua yao. Alimfikiria Gélase akisoma karatasi ya A, na Rénovat akisoma karatasi ya C. Karatasi mia na kumi, za aina zote mbili. Hapakuwa na karatasi nyingine mji mzima, na kesho kutwa watoto wangekuja.

"Tufute," alisema. "Tupake wino swali zima."

"Apana. Ukipaka wino watauliza iko nini chini." Salvator alichukua kalamu nyeusi kutoka sikioni, akainama juu ya karatasi iliyoharibika, akaitazama ile h ndogo ya mashine ya taipu kama mtu anayetazama kufuli. Kisha akavuta kistari kifupi kutoka mguu mmoja hadi mwingine. "Ukifunga miguu yake, inakuwa b."

Ilikuwa b. Éliminez t, trouvez b. Haikuwa na mtu ndani yake.

Walifanya kazi hiyo tangu saa nane hadi saa tisa, kila mmoja na kalamu yake, h tatu kila karatasi. Lori la mwisho la kurudi mjini liliondoka saa tisa na nusu, na baada ya hapo mtu hakuwa na njia. Saliha alipomsimulia mzaha wa baba yake, Salvator alimtania kwamba kwa kazi hii patroni yake ya ghalani atamfukuza, basi amtafutie patroni ya karatasi. Saliha alicheka kidogo. Alipokuwa ndani ya lori, na karatasi zimefungwa kwenye kanga magotini, alijua anachopaswa kufanya: kwenda kwa Gélase, kisha kwa Rénovat, au kuwaita wote wawili, na kuwaeleza. Aliwaza pia uso wa kila mmoja akisikia. Kile walichompa kilikuwa kitu kimoja tu, kutokuwa na upande, na aliogopa kukirudisha kikiwa na ufa. Akaenda nyumbani.

Jumamosi watoto walikuja. Walitoka kambini na kwa ndugu, wengine wamevaa viatu visivyo vyao, wakakaa ukumbi mmoja katika shule ya Buyenzi, mahali ambapo wa pande zote waliweza kufika kwa miguu. Kwa saa ya kwanza kulisikika kalamu tu. Saliha alisimama nyuma. Aliwaangalia wakiinua macho juu, wakitembeza midomo, wakikunja vidole, na akajisahau, akawa na furaha.

Gélase alikuwa akipita katikati ya madawati, mikono nyuma. Kwenye safu ya nne alisimama. Alisimama kwa muda mrefu mno. Kisha aliinama, akaivuta karatasi taratibu kutoka chini ya mkono wa msichana mwembamba aliyeitwa Joëlla, akaisoma, akaisoma tena.

"Nitairudisha," alimwambia. "Endelea na zingine."

"Zingine ziko hapo hapo, Mesye," alisema msichana. "Juu ya karatasi uliyoichukua."

Gélase alimpa karatasi nyingine ya A kutoka kwenye za akiba, akawaonyesha Rénovat na Saliha mlango kwa jicho. Walitoka wote watatu barazani. Ndani, watoto waliendelea kuandika.

"Madamu Saliha," alisema Gélase. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nani aliandika hii?"

Ilikuwa karatasi waliyoiruka. Miguu ya h ilikuwa wazi.

"Mimi."

"Na nani alikutuma?"

"Hakuna mtu. Herufi natoa kwenye kopo la vifungo, mnajua ninavyofanya. Zilitoka hizo."

"Zilitoka hizo." Alimpa Rénovat karatasi. "Soma, Mesye. Soma ya thelathini na moja."

Rénovat alisoma. Saliha alifungua mkoba, akatoa daftari la patroni, akalifungua mahali pa swali lile, A upande huu, C upande ule. Rénovat alisoma zote mbili, midomo ikisogea. Kisha akatoa sauti iliyokuwa karibu na kicheko.

"Kumbe tuko wote," alisema. "Karatasi ya A ananiondolea wewe. Karatasi ya C anakuondolea mimi. Huyu mama hana ubaguzi kabisa."

"Wewe unacheka?"

"Mi nifanye nini ingine? Mi nililia sana mwaka jana, yameisha."

Gélase alikuwa ameshachukua karatasi nyingine za akiba. Aliiweka moja kwenye mwanga, akaigeuza, akapitisha ukucha juu ya b. Wino wa kalamu uling'aa tofauti na wino wa roneo.

"Hizi zilifungwa kwa mkono," alisema. "Kwa hiyo ulijua."

Saliha aliitazama ile b.

"Ulijua tangu lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi." Alihesabu kwa vidole kama anayemhesabia mtoto. "Vifungo mi naweza kuvisamehe. Kifungo hakina akili. Lakini siku tatu, Saliha? Ungekuja ukasema, Gélase, nimepata bahati mbaya, tusaidiane. Ungeshindwa nini?"

"Niliogopa," alisema. "Niliogopa mtasema nina upande."

"Sasa tuseme nini?"

Saliha alilifunga daftari la patroni. Alihisi joto la aibu likipanda shingoni chini ya ushungi. Gélase alisema yeye anakwenda kwa wakuu na mtihani utafutwa. Rénovat aliangalia dirishani, mle ndani, vichwa mia mbili vilivyoinama.

"Ukifuta, watarudi wapi hawa?" aliuliza. "Wa kwako na wa kwangu. Niambie wapi, mi nitakusindikiza."

Muadhini wa msikiti wa jirani alianza kuita adhuhuri, na hakuna aliyesogea mpaka alipomaliza.

"Swali litolewe," alisema Gélase mwishowe. "Kwa wote, A mpaka D. Lisihesabiwe hata kwa aliyelipata. Hapo nitatia sahihi."

Saliha alikubali. Angekubali neno lolote wakati ule.

Jumapili alisahihisha. Aliandika alama juu ya arobaini kama ilivyopangwa, kisha akaondoa swali la thelathini na moja kwa kila mmoja. Jua lilipofika katikati ya meza alikuwa ameliona jambo ambalo barazani hakuliona. Barua ya wakuu ilisema ishirini na manne, na wakuu hawakutaka kubadilisha barua hata nukta. Watoto kumi na mmoja walikuwa na ishirini na manne kamili, pamoja na swali lile. Bila swali lile walikuwa na ishirini na matatu. Wa tatu katika orodha yao alikuwa Joëlla. Kwenye karatasi ile ya akiba, yenye b, alikuwa amelianza upya tangu mwanzo na kulimaliza: tisa na nne.

Saliha aliweka kalamu chini. Kosa lilikuwa lake, na adhabu ilikuwa imepita juu ya kichwa chake ikawaangukia kumi na mmoja. Hakuweza kuwapa alama kimyakimya. Kipimo kinachovutwa kwa huruma hakipimi tena, na siku tatu za kunyamaza zilikuwa zimemtosha. Lakini alilitazama daftari, na pale, juu ya A na C, patroni yenyewe ilikuwa bado ipo, na matundu yake matupu. Nguo ndiyo iliyoharibika. Patroni haikuwa na kosa.

Jumatatu asubuhi aliwaita wote wawili chumba cha walimu, na safari hii alieleza kila kitu kabla hajakaa.

"Fundi akiharibu mkono mmoja wa gauni, hatupi gauni," alisema. "Anakata mkono mwingine kwa patroni ile ile. Hawa kumi na mmoja walilijua swali. Nataka niwape lingine la uzito ule ule, mbele yenu. Atakayelipata, apate alama yake. Atakayekosa, amekosa."

"Na majina yao?" aliuliza Gélase.

Alimpa orodha. Gélase aliipitia, na Saliha aliona jicho lake likifanya kazi ambayo kila jicho la mji ule lilifanya likiona orodha. Alimpa Rénovat, na jicho la Rénovat likafanya vilevile. Walikuwa wamechanganyika.

"Sawa," alisema Gélase. "Lakini herufi tutachagua sisi. Kopo libaki nyumbani."

Rénovat alichukua chaki, akaandika alfabeti nzima ubaoni. "Basi tuanze. p na q."

"p ni chama."

Rénovat aliifuta p. "f?"

"f we mwenyewe unajua ni nani."

"u basi."

"u wewe ndiye hutaitaka."

"Kweli." Aliifuta u. "r na s."

"s watasema ni ya Waswahili. Watasema Saliha amejiingiza mwenyewe."

"g?"

"g ni mimi."

"Nani atakuwa na shida na wewe, Gélase? Mutu mupole kama kondoo."

"Futa."

Saliha alikaa amekunja mikono. "z inafanana na mbili kwa mwandiko wa watoto," alisema. "Na i ni kama moja, na o ni kama sufuri."

Ziliondoka hizo pia. n ilikuwa ya jeshi fulani, c ya lingine. k ilikuwa mtaa uliokwisha kuungua. Baada ya muda Rénovat alirudi nyuma hatua mbili, wakautazama ubao watatu hao, watu wazima waliosoma. Kati ya herufi ishirini na sita zilikuwa zimebaki nne zisizokuwa na mwenyewe, na mbili kati yake zilikuwa x na y.

"Basi ni x na y," alisema Gélase, na safari hii yeye ndiye aliyetaka kucheka.

"x na y kuna waliozizoea na kuna ambao hawakuzizoea," alisema Saliha. "Nitalisoma kwa maneno. Bila herufi. Kila mtoto achague zake."

Jumatano kumi na mmoja walikaa mbali mbali katika ukumbi ule. Gélase alisimama mlangoni, Rénovat dirishani. Saliha alisoma mara mbili, polepole: kuna namba mbili. Mara tatu ya namba ya kwanza ukijumlisha na mara nne ya ya pili unapata ishirini na tisa. Mara tano ya namba ya kwanza ukitoa mara nne ya ya pili unapata ishirini na saba. Zitafuteni. Herufi ni zenu, njia ni yenu.

Walipomaliza walitoka nje, wakakaa ukutani kungojea. Karatasi ziliwekwa mezani. Rénovat alisoma kwa sauti, Saliha akatazama hatua, Gélase akaandika kwenye orodha. Wa kwanza aliandika x na y, akapata. Wa pili x na y, akakosea alama ya kutoa, akabaki na ishirini na matatu, na hakuna aliyemtetea. Wa tatu Rénovat aliishika bila kuisoma.

"Nini?" aliuliza Gélase.

Rénovat aliiweka mbele yake. Joëlla alikuwa ameandika 3h + 4t = 29, na chini yake 5h − 4t = 27, kwa mwandiko wa duara, uliokaa vizuri juu ya mstari.

"Huyu mutoto ni mkaidi," alisema Gélase.

"Au hajui tu."

"Anajua. Jumamosi alinitazama." Aliushika ukingo wa karatasi kwa vidole viwili. Nje, watoto walikuwa wanabishana jambo fulani kuhusu mpira, na sauti ya Joëlla ilikuwa mojawapo. Gélase alisikiliza mpaka zikatulia. "Madamu, jibu?"

Saliha alifuata hatua kwa ncha ya kalamu. Zilikuwa nne, na hakuna iliyorukwa.

"h ni saba," alisema. "t ni mbili. Ni kweli."

Gélase alimgeukia Rénovat.

"Alama?"

"Moja," alisema Rénovat.

Gélase aliandika moja.